Bodi la Gari Liwe Refu Kiasi Gani?

(Mazungumzo kwa wanakisomo wanaotaka kununua gari la ushirika)



Mmetuita leo kwa jambo moja. Mmeweka fedha zenu kidogo kidogo kwa muda mrefu, fedha za ndizi, za mwani na za karafuu. Sasa mnataka kununua lori dogo lililokwisha kutumika, mlitengenezee bodi la mbao, lipate kubeba watu na mizigo. Lori limeshaonekana. Fundi ameshapatikana. Lakini nyinyi wenyewe mmegawanyika. Vijana wanataka bodi refu, mtu aingie ndani amesimama wima, na juu yake kuwe na keria kubwa ya mizigo. Wazee wanataka bodi la chini. Fundi naye amesema atakata mbao kama atakavyoambiwa, ila anayetaka kubadili mawazo abadili kabla ya msumeno, si baada yake.

Sisi si mafundi wa magari. Kazi yetu ni kusomesha. Lakini ugomvi wenu huu una hesabu ndani yake, na hesabu hizo ni zile zile za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya mlizozifanya darasani. Basi tuzifanye pamoja, na kila mwenye daftari alifungue.

Kwanza tukumbuke kwamba gari la mbao si kitu kigeni hapa Pemba. Wazee waliomo humu wameyapanda malori ya Bedford, baadaye Isuzu na mengineyo, yaliyowekewa bodi la mbao na mabenchi. Watu waliziita gari hizo chai maharage. Zimebeba bibi harusi, zimebeba maiti, zimebeba karafuu mpaka bandarini Mkoani. Waliozitengeneza walikuwa maseremala, na seremala hodari hupima kwanza kichwa cha mtu atakayekaa ndani. Kwa hiyo mnalolitaka lina historia. Suala ni kimo tu.

Sasa tuanze na upepo, maana vijana wametuambia kwamba upepo si kitu.

Nani humu ni mvuvi? Naam, tunaona mikono mingi. Nyinyi hamna haja ya kufundishwa habari ya upepo. Mkiwa na tanga dogo, chombo kinakwenda taratibu. Mkipandisha tanga kubwa, chombo kinakimbia. Upepo ni ule ule, ila tanga limekuwa kubwa, kwa hiyo unapata pahali pengi pa kusukuma. Basi bodi la gari nalo ni tanga. Tofauti ni kwamba tanga la chombo linakusukuma mbele, na bodi la gari linakusukuma nyuma. Kila gari linapokwenda lazima lipasue hewa iliyoko mbele yake, na hewa hiyo haitaki kupasuliwa bure. Malipo yake ni mafuta.

Tulipime tanga hili. Tuseme bodi lenu lina upana wa mita 2. Tuseme vijana wameshinda, na bodi limeongezwa kimo kwa sentimita 40. Zidisha: mita 2 mara mita 0.4 ni mita za mraba 0.8. Ni kiasi gani hicho? Tazameni mlango wa chumba hiki. Urefu wake ni mita 2, upana sentimita 80. Zidisha tena: mita za mraba 1.6. Kwa hiyo sentimita 40 za vijana ni sawa na kuchukua nusu ya mlango ule, kuusimamisha juu ya gari, na kuubeba njia nzima kutoka Konde hadi Chake. Na mkirundika mizigo juu ya keria mpaka ikafika sentimita 60, hiyo ni mita za mraba 1.2, yaani robo tatu ya mlango mwingine.

Nusu mlango huo unavuta kiasi gani? Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo la kushika. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, upepo unakuwa mara nne. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, nusu mlango ule unavuta nyuma kama uzito wa kilo 6 hivi. Likienda kilomita 80 kwa saa, hauvuti kilo 12, unavuta kilo 24. Aliyewahi kupanda baiskeli akakutana na upepo wa kusi mwezi wa Julai anaelewa tunasema nini. Ukienda taratibu unaweza hata kuzungumza na mwenzio. Ukitaka kwenda mbio, kifua kinakwama.

Kwa sababu hiyo, wenye malori makubwa ya bara wanaumia sana na upepo kuliko sisi. Lile lori refu lenye tela, lile wanaloliita semi, linatoka Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, halafu linaendelea Zambia au Kongo. Linakwenda mbio, tena siku nzima. Kwa hiyo kimo cha kichwa cha gari, yaani kile chumba cha dereva, kwao ni jambo la fedha nyingi. Ikiwa tela ni sanduku refu na kichwa ni kifupi, upepo unapita juu ya kichwa kisha unagonga uso wa sanduku kama bao. Ndiyo maana mnaona vichwa vingine vina paa refu, au vina kibao kilichoinama juu yake. Kazi ya kibao hicho ni kuupandisha upepo taratibu upite juu ya sanduku. Lakini dereva yule yule akivuta tela la wazi lililobeba vyuma au mbao za chini, kile kichwa kirefu hakimsaidii kitu. Anabeba tanga la bure. Basi kanuni yao ni kwamba kimo cha kichwa kifuate kimo cha mzigo.

Yuko mtu alilichunguza jambo hili, na habari yake inafaa tuisimulie kwa sababu ilianzia kwenye baiskeli. Katika nchi ya Marekani, kule jangwani California, alikuwapo mhandisi wa shirika la anga la NASA, jina lake Edwin Saltzman. Alikuwa akipanda baiskeli, na malori makubwa yalipompita aliona ajabu. Lori likikaribia, upepo wake unamsukuma pembeni. Likishapita, unamvuta barabarani. Sisi wa Pemba tunaopanda baiskeli njiani tunalijua sana jambo hili, ila tunaishia kulalamika. Yeye alikwenda kupima. Mwaka 1973 yeye na wenzake walichukua gari, wakalizungushia mabamba ya bati mpaka likawa kama sanduku lenye kona kali. Wakapima hewa inavyolizuia. Kisha wakazichonga zile kona zikawa mviringo, wakapima tena. Ule mzigo wa hewa ulipungua kwa kiasi kinachokaribia nusu. Sanduku ni lile lile, kimo ni kile kile, kona tu ndizo zilizochongwa.

Basi mwambieni fundi wenu azichonge kona za mbele za bodi, ziwe mviringo kama kingo za beseni, wala asiziache kali kama za kabati. Mbao hazitaongezeka, ni randa tu na siku moja ya kazi.

Hapa mzee mmoja anaweza kusema: tumeshinda, bodi liwe la chini kwa sababu ya upepo. Ngojeni kidogo. Kisiwa chetu si njia ya Tunduma. Kuna gari gani la shamba linalokwenda kilomita 80 kwa saa kutoka Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani? Tena likiwa limejaa kina mama? Gari lenu litakwenda 30 au 40, na kila baada ya hatua chache kuna mtu anapiga bodi kwamba anashuka. Kwa mwendo huo upepo ni mwizi mdogo. Mwizi mkubwa ni uzito.

Pemba ni vilima na mabonde. Unapanda, unashuka, unavuka mpunga, unapanda tena. Vilima vyetu si virefu, hakuna kinachofika hata mita 100 kutoka usawa wa bahari, lakini ni vingi na vimefuatana. Chukueni kilima ambacho kila ukienda mita 10 unapanda mita 1. Kwenye kilima kama hicho, kila kilo 10 za uzito zinalivuta gari nyuma kwa nguvu ya kilo 1. Tani moja inavuta nyuma kilo 100. Gari lenye tani 5, pamoja na watu wake na mizigo yake, linavutwa nyuma kilo 500.

Sasa linganisheni. Nusu mlango wa upepo, kwa mwendo wetu, ni kilo 6. Mtu mmoja wa kilo 60 kwenye kilima kile ni kilo 6 vile vile. Yaani sentimita 40 za bodi, kwa upepo, ni kama kumbeba abiria mmoja asiyelipa nauli kila mnapopanda kilima.

Lakini hizo sentimita 40 hazikutengenezwa kwa upepo. Zimetengenezwa kwa mbao! Tufanye hesabu ya mbao. Bodi lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Ukilizunguka lote unapata mita 12. Zidisha kwa kimo cha mita 0.4, unapata mita za mraba 4.8. Kwa mbao nzito za unene wa inchi moja, hizo ni kilo 80 au zaidi. Hapo hatujahesabu nguzo, misumari wala boliti. Basi ameshapanda abiria wa pili asiyelipa nauli, naye ni mnene kuliko wa kwanza. Huyu hashuki hata gari likiwa tupu.

Kuna aliyesema pale nyuma kwamba mtelemko utatulipa, kwa kuwa uzito ukipanda kwa taabu utashuka kwa raha. Ni neno la akili. Lingekuwa kweli kama dereva angeliachia gari liserereke. Lakini chini ya kilima kuna nini? Kuna kona, kuna daraja, kuna watoto wanatoka chuoni. Dereva atafunga breki. Mafuta aliyoyatumia kupandia yanageuka moto kwenye breki, hayarudi ndani ya tangi.

Kwa hiyo kwa upande wa mafuta tunasema hivi. Bodi refu linakula, lakini haliwali nyinyi peke yake. Linakula kwa upepo kidogo, kwa mbao zaidi, na kwa mizigo mtakayoshawishika kuipandisha juu yake zaidi ya yote. Keria kubwa haikai tupu. Mkiiweka itajazwa.

Na habari ya keria ndiyo iliyotufanya tuje leo badala ya kungoja wiki ijayo, maana hapo si mafuta tu, ni roho za watu.

Turudi kwa wavuvi na mabaharia. Jahazi likipakiwa, mzigo mzito unawekwa wapi? Mmesema wenyewe: chini. Na jahazi likiwa tupu, mnatia nini? Farumi. Mawe au mchanga, chini kabisa, ili chombo kisilale. Hakuna nahodha wa Kojani wala wa pahali pengine atakayefunga mawe juu ya mlingoti. Akifanya hivyo mtasema ameharibikiwa. Basi kwa nini gari tunalipakia kinyume? Magunia ya karafuu juu, mikungu ya ndizi juu, baiskeli juu, na juu ya baiskeli kijana amekaa. Watu wepesi ndio walioko chini. Gari hilo limefungwa farumi mlingotini.

Likienda njia iliyonyooka mtaona salama. Likifika kwenye kona, mzigo wa juu unataka kuendelea mbele wakati magurudumu yanageuka. Gari linalala upande. Likiingia gurudumu moja katika shimo, linalala zaidi. Mama aliyejitwika ndoo ya maji kichwani anajua: kwenye utelezi huenda polepole na shingo ameikaza, na akiishusha ndoo akaishika mkononi, miguu inatulia. Kila sentimita mnayoipandisha mzigo inaipunguzia gari kona ya kujiokoa.

Tena juu kuna mambo ambayo dereva hayaoni. Kuna matawi ya miembe na mishelisheli yaliyoinamia njia za ndani. Na tangu mwaka 2010, umeme ulipofika kisiwani kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, nguzo zimekwenda mpaka vijijini. Waya mwingine unavuka njia, na mwingine umelegea. Mzigo uliopanda juu sana, na kijana aliyekaa juu ya mzigo, hukutana na waya huo bila ya kupiga hodi. Hatutaki kuuongezea maneno.

Sasa tusiwaonee vijana. Nao wana haki yao, na haki yao ni hii: bodi la chini mno ni mateso. Tumepanda gari ambazo mtu anaingia amejikunja kama anaingia bandani mwa kuku. Akikaa, kichwa kinagusa mbao. Gari likiruka shimoni, mbao inampiga utosini. Mzee mwenye mgongo mbaya akishuka Chake anahitaji robo saa kujinyoosha. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani hawezi kukunjwa namna ile. Kama gari la kikundi linawatesa watu wa kikundi, wataliacha wapande la mwingine, na hapo hata mkiokoa mafuta yote ya dunia hamtalipa deni.

Basi kimo kitafutwe kwa mtu, kisitafutwe kwa maneno. Fanyeni hivi. Mchukueni mtu mrefu kuliko wote katika kikundi. Mkalishe kwenye benchi, mgongo ukutani, kofia kichwani. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45, ili miguu ifike chini. Pimeni kutoka benchi mpaka juu ya kofia. Mara nyingi mtapata sentimita 90, pengine zaidi kidogo. Kisha ongezeni sentimita 25 za mashimo, kwa sababu njia zetu hazijawa zulia. Jumlisha: 45 na 90 na 25 ni 160. Hicho ndicho kimo cha ndani. Sakafu ya lori dogo ikiwa juu ya ardhi kwa mita 1 hivi, paa lenu litafika mita 2 na sentimita 60, mbali na unene wa paa lenyewe. Bodi la kusimama wima lingefika mita 3.

Je, si ni vizuri watu wasimame? Hapa tutasema wazi maoni yetu. Bodi la kusimama wima linakaribisha watu wa kusimama. Leo mmepanga watu wakae kwenye mabenchi mawili. Sikukuu ikifika, utingo ataona nafasi tupu katikati, ataijaza. Watu waliosimama wana kichwa na kifua juu, kwa hiyo nao ni mzigo wa juu, na tena ni mzigo unaoyumba. Paa la sentimita 160 linamwambia utingo kwamba gari limejaa, na anasikia kuliko akiambiwa na mzee.

Raha ya abiria haimo katika kimo peke yake. Imo zaidi katika hewa. Paa la bati likipigwa na jua la saa saba linageuka kikaango, liwe juu au chini. Mwambieni fundi aweke mbao nyembamba chini ya bati, aache nafasi ya vidole vinne kati ya mbao na bati, na nafasi hiyo iwe wazi mbele na nyuma hewa ipite. Ubavuni aache wazi kutoka kifuani kwenda juu, na pazia la turubali la kuteremsha mvua ya masika ikija. Kwa kuacha wazi hivyo mnapunguza mbao, mnapunguza uzito, na watu wanapata upepo. Wazee na wagonjwa wakae katikati ya gari. Kule mwisho kabisa, nyuma ya magurudumu, ndiko gari linakorusha watu sana.

Na dereva je? Yeye ndiye anayekaa garini kutwa. Malori madogo mengi tunayoletewa, kama Isuzu, Canter na Dyna, kichwa chake kimekaa juu ya injini. Dereva anaona mbali, na gari linageuka pahali padogo, jambo zuri kwa njia zetu nyembamba. Lakini anakaa juu ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo kila shimo linampiga yeye kwanza, na joto la injini liko chini ya kiti chake. Yale malori ya zamani yenye pua ndefu yalimweka dereva nyuma kidogo, akapata nafuu ya mitikisiko. Wamarekani mpaka leo wanapenda pua ndefu, na sheria yao ya mwaka 1982 iliwasaidia, maana iliacha kubana urefu wa gari zima katika njia kuu, ikaangalia tela tu. Huko Ulaya urefu wa gari zima unahesabiwa, kwa hiyo wamekipandisha kichwa juu ya injini wapate nafasi ya mzigo. Na wale wa safari za wiki nzima wanataka kichwa kirefu chenye kitanda, dereva apate kusimama na kuvaa nguo. Dereva wenu atalala kwake. Hana haja ya ghorofa. Anayohitaji ni kiti kilichoshonwa upya, mkeka mzito wa kuzuia joto la injini, na kidato kizuri, maana yeye na utingo watapanda na kushuka mara nyingi kutwa.

Dada mmoja ameuliza swali ambalo wanaume wote walilisahau: "Kama keria haipo, ndizi zangu zitakaa wapi?" Swali la haki kabisa. Bila ya ndizi zake gari hili lisingenunuliwa. Jibu letu ni hili. Chini ya mabenchi pana nafasi ya sentimita 40 kwenda juu, pande zote mbili, mita 4 kwa 4. Ni ghala zima. Hapo ndipo pa magunia, mihogo, mchele na karafuu. Mzigo mzito upangwe karibu na katikati ya gari, usirundikwe wote nyuma. Juu ya paa muweke keria ndogo, ukingo wake usizidi sentimita 20, kwa vitu vyepesi tu: makanda matupu, matenga, godoro. Kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukinyanyua kwa mkono mmoja kisipande juu. Na siku ya mavuno makubwa, gari liende mara mbili.

"Mara mbili ni mafuta mara mbili," kijana amenijibu mara hiyo hiyo. Hapana, si mara mbili kamili, kwa sababu gari jepesi linakula kidogo kuliko gari zito. Lakini ni kweli gharama itaongezeka. Hatutaki kuwadanganya. Siku hizo nauli ya mzigo ihesabiwe kwa safari mbili tangu mwanzo, na atakayeona ghali angoje kesho. Jambo hili mlikubaliane sasa, kabla ya msimu, maana wakati wa karafuu hakuna anayetaka kusikia.

Limebaki daftari. Mwenye mwandiko mzuri achaguliwe, na tunaona ni vizuri awe mtu mwingine asiyekuwa dereva. Siku ya kwanza tangi lijazwe pomoni, iandikwe namba ya kilomita. Gari lifanye kazi. Baada ya wiki tangi lijazwe tena pomoni, iandikwe lita ngapi zimeingia na namba mpya ya kilomita. Toa, kisha gawanya. Tuseme limekwenda kilomita 240 kwa lita 40: gari linakwenda kilomita 6 kwa lita. Wiki nyingine mkaona kilomita 240 ni zile zile, na lita zimekuwa 44. Kuna lita 4 zimepotea. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000, ingawa bei hubadilika na ZURA huitangaza kila mwezi. Lita 4 ni shilingi 12,000. Kwa wiki 50 ni shilingi 600,000. Hapo mtauliza: keria ilijazwa? Matairi yalikuwa na upepo wa kutosha? Dereva alikimbia? Au mafuta yalishukia njiani? Daftari halimtaji mtu, lakini linajua wiki.

Kabla fundi hajakata ubao hata mmoja, watu wawili wende kwa wakaguzi wa magari wakaulize bodi la abiria linatakiwa liweje, lina ruhusa ya kubeba watu wangapi, na karatasi gani zinahitajika. Waandike majibu, wasiyabebe kichwani. Na lori kama linavushwa kutoka Unguja, ulizeni melini kimo kinachopita, kabla ya kulipia. Ni afadhali bodi litengenezwe huku huku Pemba, gari likishavuka.

Tumeambiwa fundi anakuja Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Benchi la kupimia lipo hapa darasani, na futi ya kupimia tutaiacha kwa katibu. Kidato cha kupandia abiria kisizidi sentimita 40 kutoka ardhini, cha pili kifuate kwa kimo hicho hicho, na pembeni pawe na bomba la kushikia upande wa kulia na wa kushoto, maana wengine hushika kwa mkono mmoja na mtoto yuko mkono wa pili.